Umeisikia au Umeiandika?

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu wa udaktari. Sisi Waluguru mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na mjomba ana neno katika mambo yake, ndiyo maana kila likizo binti huyu hushukia Msamvu, akaja kwangu Bigwa, akalala siku mbili, kisha ndipo apande Mgeta kwa mama yake. Safari hii aliponiamkia nilimuuliza habari za chuo. "Nzuri, mjomba." Masomo? "Mazuri." Wenzako? "Hawajambo." Akala, akaosha vyombo, akakaa na watoto kutazama taarifa ya habari. Ilipokaribia saa nne usiku, watoto wamekwisha kulala, ndipo akasema, "Nzuri mjomba, ila..."

Kila anayezungumza Kiswahili anaijua hiyo "ila". Mtu anaweza kuwa ametoka msibani, ukimuuliza habari atakujibu nzuri kwanza. Habari yenyewe huja baadaye, akishaona umetulia na una nia ya kusikiliza.

Alitoa mkobani karatasi zilizobanwa kwa pini. Chuo kilikuwa kimewapa wajaze, waseme wanayaonaje mazingira wanamosomea. Kulikuwa na kauli 50, na zote alikuwa amezijibu kwa penseli. Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa. Vema zote zilikuwa zimepangana kwenye safu moja tu, ile ya katikati, ya mtu anayesema hana hakika.

Karatasi ile naifahamu. Ni kipimo kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Dundee, Uskoti, na Sue Roff na wenzake, kikachapishwa mwaka 1997. Walimu wa fani za afya karibu 100 kutoka nchi mbalimbali walihojiwa, maoni yao yakachujwa mpaka zikabaki kauli hizo 50. Wanaokitumia hukiita DREEM, na kimekwisha kuzunguka dunia. Mwaka 2001 Roff na wenzake walichapisha ulinganisho wa vyuo vya Nigeria na Nepal kwa kipimo hichohicho. Kila kauli ina majibu matano, kuanzia nakubali kabisa hadi sikubali kabisa, yenye alama 4 mpaka 0. Kauli tisa ni za ubaya, kama ile isemayo walimu huwadhihaki wanafunzi, na hizo huhesabiwa kinyumenyume. Jumla ni 200. Chuo kikipata 50 kushuka chini, hali ni mbaya sana. Kati ya 51 na 100 kina matatizo mengi. Kutoka 101 hadi 150 mema yamezidi mabaya, na kupita hapo chuo kinahesabiwa kuwa bora.

Sasa fanya hesabu ya mpwa wangu. Safu ya katikati ina alama 2, iwe kauli ya wema au ya ubaya. Mara 50 ni 100 kamili. Mtu ambaye hakusema lolote, aliyejificha katikati tangu kauli ya kwanza hadi ya mwisho, anaangukia ukingoni kabisa mwa matatizo mengi. Alama moja zaidi, angekuwa upande wa pili.

"Mbona umejaza hivi?"

"Mjomba, angalia ukurasa wa kwanza."

Ukurasa wa kwanza haukuuliza jina. Uliuliza jinsia, umri, mwaka wa masomo na elimu aliyokuwa nayo mwanafunzi kabla ya kuingia chuoni. "Tuliopitia stashahada ya utabibu tuko watatu darasani," akasema. "Mwanamke ni mimi peke yangu."

Sikumjibu mara moja. Ilinijia namba moja ambayo nilipata kuiandika nikiwa na umri kama wake. Namba yenyewe ni 140.

Niliingia chuo mwaka 2006. Chuo sitakitaja, na sina haja ya kukitaja, kwa kuwa niliyoyaona hayakuwa ya chuo kimoja. Nilitoka Mgeta na begi, godoro la inchi nne na barua ya mkopo. Chumba nilichopata kilipangwa watu wanne, tukalala wanane, tukibebana wawiliwawili kitandani mpaka bumu, fedha ya mkopo, lilipotoka na wengine wakapanga mtaani. Mwaka huo kazi yetu ilikuwa kumeza: mifupa, mishipa, neva. Usiku tulikesha na madesa, notisi za waliotutangulia, asubuhi tunanukia fomalini, na kila mmoja akihofia sapu, ule mtihani wa marudio, na baada ya sapu, kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Njaa naikumbuka, lakini sikumbuki kuinung'unikia sana, kwa sababu tulikuwa nayo wote na tulicheka nayo wote. Ile karatasi ya Dundee ina kauli saba kuhusu maisha ya mwanafunzi nje ya kitabu, na ndani yake mna rafiki, upweke, uchovu na malazi. Malazi yangu yangepata sifuri. Rafiki wangepata nne zote. Ndiyo maana hadi leo mtu akinionyesha jumla peke yake, humwomba anionyeshe na kauli zilizoizaa.

Mwaka wa tatu tukaingia wodini. Shule ya msingi nilikosoma, ukutani juu ya ubao, mwalimu alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu "Kuuliza si ujinga." Nilikwenda na imani hiyo kwenye raundi yangu ya kwanza. Daktari bingwa alisimama kwenye kitanda cha mzee mmoja mwenye ugonjwa wa moyo, akaniambia nisikilize kifua na kusema nasikia nini. Nikasikiliza. Nikasema, "Sijui, daktari. Naomba unielekeze." Akachukua faili mkononi mwangu akampa mwingine. Akauliza natoka wapi. Nikasema Mgeta. Akasema, mbele ya mzee yule na wauguzi na wenzangu kumi na wawili, kwamba Mgeta wanalima kabichi nzuri sana, na si vibaya nikarudi kusaidia wazazi.

Watu walicheka. Mzee kitandani hakucheka, alinitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza zaidi, kwani mama yangu alinisomesha kwa kabichi hizohizo na njegere, akizifunga usiku kwenye viroba zipande lori la kwenda Dar es Salaam. Siku ile nilijifunza jambo moja ambalo halikuwamo kwenye mtaala. Nilijifunza kwamba neno "sijui" halisemwi. Kuanzia hapo nikiulizwa kama nimesikia, nimesikia. Nikiulizwa kama nimeona, nimeona. Na wala sikuwa peke yangu. Tulikuwa darasa zima la watu wanaosikia na kuona kila kitu.

Nimesikia wenzangu wengi wakiutetea ukali ule. Husema sisi nasi tulipita humohumo na tukawa madaktari. Ni kweli tulipita. Lakini namba yangu ya 140 ilitoka humohumo.

Mwaka wa nne walitutawanya kwa mafunzo ya vitendo, nami nikaangukia kituo cha afya milimani, upande wa kwetu. Ukitoka Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa, unaiacha barabara kuu Sangasanga, kisha unaanza kupanda. Wakati wa masika ukungu huingia mpaka ndani ya wodi, mashuka hayakauki, na mama mjamzito anaweza kuletwa kwa machela na vijana wa kijijini wanaopokezana mabega. Usiku mmoja aliletwa mama wa namna hiyo, mimba yake ya pili, uchungu umekwisha kukolea. Sista wa zamu alikuwa anamhudumia mwingine. Akaniambia, "Daktari, nisikilizie mapigo ya mtoto, uandike."

Nilichukua fetoskopu, ile ya umbo la tarumbeta ndogo, nikaiweka tumboni, nikainamisha sikio. Mvua ilikuwa inapiga bati. Nikasikia mvua. Nikahamisha kidogo, nikasikia mvua. Kitabuni nilikuwa nimesoma kwamba mapigo ya mtoto tumboni huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Nikachukua kalamu nikaandika 140.

Sista alirudi akifuta mikono. Akaisoma karatasi. Hakuonyesha hasira. Alivuta kiti kifupi akakaa karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini, ili yule mama asisikie, "Daktari, hii 140 umeisikia au umeiandika?"

Nilitaka kusema nimeisikia. Ulimi ulikuwa umekwisha kuzoea. Sijui ni ile sauti yake ya chini, au ni kule kuniita daktari hata baada ya kugundua, lakini nikasema, "Nimeiandika, Sista."

"Haya. Tuitafute."

Akaushika mkono wangu akauweka tumboni. Akanifundisha kwanza kutafuta mgongo wa mtoto, upande ule ulio mgumu na laini kama kibao kilichosuguliwa, tofauti na upande wa pili wenye vijiguu vinavyokwepa. Mapigo yanasikika vizuri upande wa mgongo. Akaniambia niiweke fetoskopu hapo, niikandamize kwa sikio lenyewe, mkono niuondoe, kwa sababu vidole vina kelele zake. Kisha akauchukua mkono wa mama yule akanipa nishike mshipa kwenye kifundo cha mkono. "Ukisikia tumboni kinachokwenda sawa na hiki, huyo si mtoto, ni mama." Nikasikiliza. Mvua, mvua, halafu chini ya mvua kitu kama saa iliyofungwa ndani ya blanketi, kinakimbia kuliko mshipa niliokuwa nimeushika. Akanihesabisha dakika nzima kwa saa yake. Akanihesabisha tena. Akanihesabisha mara ya tatu, wakati mimi mgongo unauma na ninaona imetosha. Akaikata ile 140 kwa mstari mmoja, nikaandika tuliyoyahesabu na kutia sahihi.

Mtoto alizaliwa alfajiri, salama. Sisimulii haya kwa sababu kuna aliyedhurika. Nayasimulia kwa sababu usiku ule mapigo yale yangeweza kuwa 90, na karatasi ingesema 140, na aliyeandika ningekuwa mimi.

Yule Sista alikuwa mkali. Dakika tatu za kuinama kwenye giza la taa ya chemli si upole. Lakini ukali wake aliuelekeza kwenye kazi, mimi akaniacha mzima. Tangu hapo nimeshindwa kukubali kwamba huwezi kumfundisha mwanafunzi uangalifu mpaka umvunje kwanza. Karatasi ya Dundee inatenganisha mambo haya vizuri. Ina kauli kuhusu walimu kutoa masahihisho yanayojenga, na ina kauli nyingine kabisa kuhusu walimu kudhihaki. Kwa kuwa ya kudhihaki huhesabiwa kinyumenyume, mtu anaweza kupata alama za juu kwenye zote mbili, na ndiye mwalimu unayemtaka.

Tuliporudi chuoni mwisho wa muhula tulipewa fomu za kuwatathmini walimu. Kiongozi wa darasa alizigawa, akazikusanya, akampelekea mwalimu husika ofisini, wiki moja kabla mwalimu huyohuyo hajatunga mtihani. Sote tuliweka "nzuri sana". Nilipokuwa nikiweka alama yangu nilikumbuka swali la Sista, nikaendelea kuweka. Kusema kweli kwa mtu mmoja aliyekaa kando yako kwenye kiti kifupi ni jambo moja. Kusema kweli kwenye karatasi inayokwenda usikokujua ni jambo jingine.

Miaka ikapita, nikarudi Morogoro, nami nikaanza kupewa wanafunzi wa kuwasimamia. Nilijiona mwalimu mwema. Simkejeli mtu, simwambii mtu akalime. Kila Ijumaa niliwauliza kama wana maoni, na kila Ijumaa walinijibu, "Hakuna, dokta, tunashukuru."

Jumamosi moja tulikubaliana kupanda hadi Morningside, ile nyumba ya enzi ya Wajerumani iliyo kwenye mabega ya mlima juu ya mji. Njia ni nyembamba, mnapanda mmojammoja, na kila baada ya muda mnapisha akina mama wanaoshuka na ndizi au mboga kichwani kuwahi sokoni. Kwenye njia ya namna hiyo hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mimi nilikuwa wa pili kutoka mwisho. Tulipokwisha kuvuka kijito, kijana aliyekuwa nyuma yangu akaanza kuzungumza, polepole, na maneno yake yakinifikia kisogoni. Akasema hawana mahali pa kuweka mabegi, wanazunguka nayo wodini kutwa nzima. Akasema wengi hawali mpaka jioni. Akasema ni vizuri angalau mtu mmoja awaite kwa majina, kwa kuwa wamechoka kuitwa "nyie wanafunzi." Kisha akanyamaza hatua kadhaa, akasema, "Na wewe dokta, tukiwa tunaeleza mgonjwa unatazama saa. Ukitazama saa tunakatisha. Kuna vitu tunaviacha."

Nilikuwa sijui. Niliishukuru njia ile kwamba hakuuona uso wangu. Jumatatu niliivua saa, nikaitia mfukoni, na hadi leo raundi naifanya bila saa mkononi. Wiki ile mwanafunzi mmoja alieleza mgonjwa wake mpaka mwisho, na mwishoni ndipo alipotaja kwamba mgonjwa amekuwa akinywa dawa za kienyeji za figo tangu alipolazwa. Hilo lilikuwa moja ya vitu wanavyoviacha.

Lipo jingine ambalo sikulifanya vizuri, na bado linanisumbua. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakakimbilia petroli, moto ukalipuka. Waliokufa, pamoja na waliofariki hospitalini siku zilizofuata, walizidi 100. Mji mzima ulibeba msiba ule. Miongoni mwa waliojitolea kubeba majeruhi alikuwamo mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa nyumbani likizo, ambaye nilikuwa nimepata kumfundisha. Nilikutana naye majuma machache baadaye, nikamuuliza habari. "Nzuri, dokta." Nikasema vizuri, soma kwa bidii, nikaondoka. Baada ya miezi nikasikia ameomba kuahirisha mwaka. Sikukaa naye muda wa kutosha ili "ila" yake itoke. Karatasi ya Dundee ina kauli kuhusu msaada kwa wanafunzi waliolemewa. Siku ile nilikuwa nimesimama mbele yake, na msaada huo ulipaswa kuanzia kwangu.

Kwa hiyo sikidharau kipimo hiki hata kidogo. Kwa zaidi ya miaka 30, tangu shule ya udaktari ianze Dar es Salaam mwaka 1963, Muhimbili ilikuwa karibu peke yake katika kazi hii. Leo vyuo vya udaktari viko Moshi, Mwanza, Dodoma, na hapa mkoani kwetu kuna cha Mtakatifu Fransisko kule Ifakara. Madarasa yamekuwa makubwa, na mwalimu hawezi kupanda mlima na kila mwanafunzi. Lazima kuwe na namna ya kuwauliza wengi kwa pamoja, na kauli 50 zilizopimwa kwa miaka mingi ni bora kuliko kisanduku cha maoni chenye kufuli lililoshika kutu.

Ninachokipinga ni namba ya kuandikwa. Nilipata kukaa kwenye kikao kimoja ambako matokeo ya kipimo hiki yalisomwa. Jumla iliangukia kwenye kundi la mema yaliyozidi mabaya, tukapiga makofi, ikaletwa chai. Kwenye kiambatisho, ukurasa wa nyuma, kauli ya msaada kwa waliolemewa ilikuwa chini ya alama 2. Waliokiunda kipimo wanasema kauli yenye wastani wa 2 au chini ya hapo ndiyo ya kuangaliwa kwa karibu, na ya 3.5 na zaidi ndiyo ya kujivunia. Hakuna mwingine aliyeufungua ukurasa wa nyuma. Mimi niliufungua, nikausoma, nikanywa chai.

Usiku ule Bigwa nilimsimulia mpwa wangu habari ya 140, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu wa nyumbani. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sista alikuuliza kwa sauti ya chini, mjomba. Mimi nani ataniuliza hivyo?"

Basi nauliza kwa niaba yake. Wakuu wa vyuo vyetu vya afya, kabla hamjagawa karatasi zile mwaka huu, ondoeni kwenye ukurasa wa kwanza kila swali linalomfichua mwanafunzi aliye peke yake katika kundi lake. Azikusanye mtu asiyetunga wala kusahihisha mtihani. Kwa kuwa kipimo kimeandikwa kwa Kiingereza, maneno yake yenye utata yaelezwe kwa Kiswahili kabla watu hawajaanza kujaza. Zikishahesabiwa, someni kauli zenye alama 2 kushuka chini kwanza, jumla baadaye, na katika mwezi huohuo bandikeni ubaoni mlichokisikia na mtakachokifanya, hata kama ni makabati ya kuweka mabegi tu. Halafu kaeni na wanafunzi wachache, mahali pasipo meza, mpaka "nzuri" ziishe.

Asubuhi, kabla hajaondoka kwenda kuwahi gari la Mgeta, nilikuta vumbi la kifutio mezani. Alikuwa amefuta zile vema zote na kujaza upya. Pa umri na elimu ya awali alipaacha wazi. Alizitia karatasi kwenye bahasha, akaifunga, na hakunionyesha alichoandika.